Picha za mzee na ndege: anza na kofia, ndege baadaye

Albamu za hivi ziko nyingi Nairobi kuliko watu wanavyodhani. Ngara, Parklands, Karen, Pangani, zingine ziko tu kwa sanduku la chuma chini ya kitanda, na ndani kuna kijana amesimama kando ya ndege, kaptura, soksi mpaka magotini, anacheka ni kama hajaambiwa kuna vita. Nyuma ya picha hakuna kitu, ama kumeandikwa "1941?" na hiyo alama ya kuuliza ndio rekodi yote familia iko nayo. Stori yenyewe ni moja, mzee alisomea urubani wakati wa vita ya Hitler. Alisomea wapi sasa? Hapo ndio vurugu. Shangazi anasema ni hapa hapa Nairobi, mjomba anaapa ilikuwa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), na kuna binamu mmoja, huwa hakosekani, ameshaweka kwa grupu ya WhatsApp ya familia ati mzee alikuwa anarusha Spitfire, ile ndege ya kivita ya Uingereza, juu ya London.

Mara nyingi shangazi na mjomba wote wako sawa. Binamu ndio anadaiwa ushahidi.

Shida ni kwamba watu wakipata picha kama hizi wanakimbilia ndege. Wanazum, wanauliza gugo ni ndege gani, wanaambiwa ni Tiger Moth, basi wanadhani wamefika. Hawajafika popote. Tiger Moth, ile ndege ndogo ya bawa moja juu lingine chini na viti viwili wazi, ilifundishia marubani Uingereza, Canada, Australia, India, Afrika Kusini, Rhodesia na hapa Kenya, kwa hivyo kuijua jina hakukuambii nchi wala mwaka. Kitu cha kutafuta kwanza ni huyo kijana alikuwa amefika wapi kwa masomo yake, na hiyo iko kwa kofia, mkono wa shati na kifua. Ukishajua hatua, mahali panaanza kujitokeza penyewe, juu kila hatua ilikuwa na shule zake na ndege zake.

Hebu nieleze hizo hatua kidogo, bila hizo hakuna picha itaeleweka.

Rubani wa RAF, yaani jeshi la anga la Uingereza, hakufundishwa mahali pamoja. Alianza darasani, wiki kadhaa za hesabu za njia, Morse, kutambua ndege kwa umbo, na gwaride, gwaride, gwaride. Kwa makaratasi hatua hiyo ni ITW. Akipita anaenda EFTS, shule ya kwanza ya kuruka, ambako anakaa na Tiger Moth kama masaa 50 hivi angani. Halafu SFTS, ndege nzito zaidi: wale wa kuelekea ndege za injini moja wanapewa Harvard, wa injini mbili wanapewa Oxford ama Anson, na mwisho wake ndio wanabandikwa mabawa kifuani, yaani beji ya kuhitimu. Na hata hapo bado hajaenda vitani, kuna OTU, ambako anajifunza ndege yenyewe ya vita pamoja na watu atakaopigana nao.

Sasa kwa nini shule zikatawanywa dunia nzima? Uingereza mawingu ni mengi, viwanja vyenyewe vilihitajika kwa vita, na mwanafunzi kwa ndege isiyo na bunduki ni windo rahisi kwa adui. Kwa hivyo tarehe 17 Desemba 1939 huko Ottawa wakatia sahihi mpango mkubwa, na mpaka vita inaisha Canada peke yake ilikuwa imetoa wahitimu 131,553 wa kuruka, si marubani peke yao, hata wa ramani, wa redio na wa bunduki. Afrika Kusini wakatoa zaidi ya 33,000. Rhodesia ya Kusini ikafungua shule yake ya kwanza Belvedere, pale Salisbury, Harare ya leo, Mei 1940, kisha zikaongezeka nyingine karibu na Salisbury, Bulawayo na Gwelo. Majina ya kukumbuka ukisoma daftari la mzee: Belvedere, Mount Hampden, Induna na Guinea Fowl ni za hatua ya kwanza, Cranborne, Kumalo, Thornhill na Heany ni za hatua ya pili. Ukiona "Hillside" huko Bulawayo, hiyo ni ya darasani.

Na Nairobi je? Nairobi ilikuwa na kazi mbili tofauti, na hapa ndipo stori za familia huchanganyika.

Ya kwanza ni ya mapema kabisa. Chukua Roald Dahl, yule mwandishi wa vitabu vya watoto. 1939 alikuwa Dar es Salaam akifanyia kampuni ya mafuta ya Shell, Novemba akashika gari akaendesha karibu kilomita 1,000 mpaka Nairobi kujiandikisha RAF. Akafunzwa hapa kwa Tiger Moth, akaachiwa kuruka peke yake baada ya masaa 7 na dakika 40, na kwa vile alikuwa na urefu wa karibu mita mbili kichwa chake kilikuwa kinapita juu ya kioo cha upepo. Lakini hawakumalizia hapa. Kozi ilipoisha walipelekwa Habbaniya, Iraq, kando ya mto Frati, kwa ndege kubwa zaidi. Kwa hivyo mtu wa kundi kama hilo ana picha za Tiger Moth za Nairobi, halafu picha za jangwani, na huenda hajawahi kukanyaga Rhodesia maisha yake yote.

Kazi ya pili ilikuja mwishoni mwa mnyororo. Kati ya 1941 na 1943 Kenya ilikuwa na OTU, moja Nakuru, namba 70, nyingine Nanyuki, namba 72, na ndege iliyotajwa sana huko ni Blenheim, injini mbili, pua ya vioo, na kibanda cha bunduki mgongoni. Kijana anaweza kuwa alitoka hapa, akasomea Rhodesia hatua mbili, akapata mabawa, akarudishwa Nakuru kumalizia. Shangazi anakumbuka akija nyumbani likizo na sare, mjomba anakumbuka barua za Bulawayo. Wote ni mashahidi wazuri, wameona tu vipande tofauti.

Basi turudi kwa kofia. Wanafunzi wa kuruka wa RAF walivaa ile kofia nyembamba ya kukunjwa, inalazwa upande wa kulia wa kichwa, na mbele yake wanaingiza kitambaa cheupe. Hicho kitambaa cheupe ndicho kitu cha maana kuliko vyote kwa albamu yako. Kinasema huyu ni mwanafunzi wa kuruka, na hajahitimu. Akibandikwa mabawa kinatoka. Kwa hivyo picha yenye kitambaa na picha yenye mabawa haziwezi kuwa za siku moja, na kama mtu ameziandika zote "Juni 1942" moja inadanganya, ama alihitimu mwezi huo, ambayo pia ni habari. Angalizo: huku kwetu jua lilikuwa linawalazimisha kuvaa helmeti za jua ama kofia za ukingo mpana, na hizo hazina kitambaa, kwa hivyo kukosekana kwake hakumaanishi kitu.

Shuka kwa mkono wa shati. Mwanafunzi wa darasani mkono wake hauna cheo, labda alama ya ndege tai pale begani tu, ambayo walivaa askari wote wa RAF wasio maofisa. Akimaliza ITW anapandishwa cheo kidogo na anapata alama ya rafadha, yaani propela, ya panga mbili kwa mkono. Hii rafadha imedanganya familia nyingi sana. Wanaiona wanasema "ona, rubani", kumbe ni cheo tu cha askari wa kawaida, hata fundi wa matairi aliyekuwa na cheo hicho alikuwa nayo. Rafadha pamoja na kitambaa cheupe, hapo sawa, huyo ni mwanafunzi yuko EFTS ama SFTS. Rafadha bila kitambaa, tulia kwanza. Ukiona tepe tatu na mabawa kifuani, amehitimu akawa sajini. Ukiona utepe mmoja mwembamba kwa pindo la mkono ama kwa bega, amehitimu akapewa uofisa, na hapo umepata bahati, nitasema kwa nini.

Kifuani angalia kama mabawa ni mawili ama moja. Mawili, kushoto na kulia, katikati herufi RAF na taji juu yake: rubani. Bawa moja limetoka kwa duara: si rubani, ni mtu mwingine wa ndani ya ndege, na herufi kwa duara inasema kazi yake. O ni wa zamani, wa kuongoza njia, ilibadilishwa 1942 na N ikashika nafasi. B ni wa mabomu, AG ni wa bunduki. Skani vizuri kabla ya kubishana, juu kwa picha ndogo bawa moja na mawili yanafanana kabisa. Halafu mabawa hukaa juu ya mfuko wa kushoto. Yakiwa kulia, picha imechapwa kinyume, negativu iligeuzwa, na hiyo inamaanisha kila kitu kingine umekisoma kinyume, hata vilima vya nyuma.

Na begani juu kabisa kunaweza kuwa na jina la nchi: RHODESIA, CANADA, AUSTRALIA. Hilo linasema mtu alitoka wapi, halisemi picha ilipigwa wapi. Vijana wa Afrika Kusini hawakuvaa kama RAF, walivaa kaki ya jeshi lao na wengi wana vipande vya rangi ya chungwa iliyokolea kwenye mabega, alama ya kwamba wamekula kiapo kupigana nje ya nchi yao.

Sasa kuna vitu viwili ambavyo mimi huvipenda kuliko vyote, juu haviwezi kuigizwa na havitegemei kumbukumbu ya mtu.

Cha kwanza ni viti. Kwa Tiger Moth mwalimu alikaa mbele, mwanafunzi nyuma, na ndege ikiendeshwa na mtu mmoja anakaa kiti cha nyuma. Kwa hivyo picha ya Tiger Moth iko angani ama inaondoka, kiti cha mbele kitupu, kichwa kimoja nyuma, hiyo inaweza kuwa picha ya kuruka peke yake, siku ambayo hakuna rubani anaisahau. Harvard ni kinyume, mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma. Familia nyingi zinashika picha ya Tiger Moth zinasema mzee ni yule wa mbele, ati ndiye dereva, kumbe wa mbele ni mwalimu na mzee ni huyo wa nyuma mwenye miwani hauoni uso.

Cha pili ni mpira wa masikioni. Tiger Moth haikuwa na waya za kuongea ndani. Mwalimu alimkemea mwanafunzi kupitia mpira mtupu, kama ule wa daktari wa kusikiliza kifua, uliounganishwa na helmeti ya ngozi. Ukiona kijana amesimama chini na mipira miwili inaning'inia kutoka masikioni inaungana mbele ya kifua, yuko hatua ya kwanza. Ukiona waya na barakoa ya hewa imefungwa kwa helmeti, amesonga mbele.

Hapa nataka nikae kidogo kwa jambo la rangi, juu limevunja familia. Nimewahi kuona watu wazima wakibishana kwa hasira kama kijana fulani kwa picha ni Mzungu aliyechomwa na jua ama ni Mgoa ama ni nani. Filamu za kamera za nyumbani za miaka ile, hasa Verichrome ya Kodak iliyotoka 1931 na kukaa sokoni mpaka 1956 ilipobadilishwa na aina nyingine, hazikuona rangi nyekundu. Nyekundu ilitoka karibu nyeusi, njano ikatoka kijivu kizito, bluu ikatoka nyeupe nyeupe. Ngozi ya mtu mweupe ina wekundu mwingi hasa akiwa juani, kwa hivyo ilitoka nyeusi kuliko ilivyokuwa, na macho ya bluu yakatoka kama hayana rangi. Ukiweka juu yake kivuli cha kofia saa sita mchana, picha hiyo haiwezi kukuambia asili ya mtu, na yeyote anayekuambia inaweza anakuuzia kitu.

Jambo hilohilo linapotosha kwa ndege. Ndege za mafunzo zilipakwa njano, zote ama tumboni, ili zionekane. Kwa filamu hiyo njano inaonekana kijivu cha giza na mtu anasema "hii imepakwa rangi ya vita". Duara za RAF kwa ubavu, nje kuna pete ya njano, kisha bluu, nyeupe, na nyekundu katikati, zinageuka: pete ya njano inatoka nyeusi na bluu inatoka hafifu, mpaka unadhani ni alama ya nchi nyingine. Lakini upana wa pete haudanganyi. Mpaka katikati ya 1942 pete ya njano ilikuwa pana, baada ya hapo ikawa nyembamba sana pamoja na ile nyeupe. Hiyo ni tarehe nzuri, ingawa ndege ya shule ingeweza kukaa na rangi ya zamani muda mrefu, mafundi walikuwa na kazi muhimu zaidi. Kwa hivyo pete nyembamba inakuambia "si kabla ya katikati ya 1942", lakini pete pana haikuambii kitu cha upande wa pili. Na ukiona Tiger Moth ina vibao viwili vyembamba mbele ya mkia, kama mapezi ya samaki, hiyo si picha ya 1939, RAF walianza kuvifunga mwishoni mwa 1941 ili ndege itoke kwa mzunguko wa kuanguka kirahisi.

Namba ya ubavuni ni dhahabu ikisomeka. Herufi moja na tarakimu nne, ama herufi mbili na tarakimu tatu, ni RAF, na Rhodesia walitumia namba za RAF. Tarakimu tupu bila herufi, fikiria Afrika Kusini ama Canada. A17 na mstari na namba, hiyo ni Tiger Moth ya Australia. Na ukiona VP-K na herufi mbili zaidi, hiyo ni ndege ya kiraia iliyosajiliwa Kenya. Uganda ilikuwa VP-U na Tanganyika VR-T. Picha ya VP-K huenda ni ya kabla ya vita, enzi za Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa 1929 na Florence Kerr Wilson, ama ni ya miaka ya hamsini mzee akijifurahisha klabuni.

Halafu mahali. Vilima vya Ngong nyuma ya uwanja, kila mtu Nairobi anavijua, hata kama ni mstari hafifu tu. Mawe makubwa ya mviringo yamepandana, fikiria Rhodesia. Lakini uwanja wa ndege ni tambarare kwa kazi yake na picha nyingi hazina hata mti. Hapo tumia kivuli. Uingereza, hata katikati ya Juni saa sita mchana, kivuli cha mtu hakiwezi kuwa kifupi kuliko nusu ya urefu wake. Hapa Nairobi ni kawaida kukanyaga kivuli chako mwenyewe. Kwa hivyo kivuli cha theluthi ya urefu wa mtu ama chini ya hapo kinaondoa Uingereza na shule za Canada kwa mpigo mmoja, na kinakubakisha Afrika, India, ama nchi nyingine ya jua kali. Kivuli kirefu hakisemi kitu, hata Nairobi kuna saa kumi na mbili jioni. Binamu wa Spitfire juu ya London anaweza kuanzia hapo kujitetea.

Geuza picha. Maandishi ya biro si ya wakati wa vita, chukulia hivyo mpaka upate sababu nyingine, juu biro zilifika mikononi mwa watu wa kawaida vita ikiwa imeisha. Penseli na wino wa kalamu ya kuchovya ama ya kujaza ndio yanaweza kuwa ya wakati wenyewe. Maneno pia yana umri: mtu ameandika "Wilson Airport 1941", uwanja huo uliitwa hivyo 1962, kabla ya hapo ulikuwa Nairobi West, kwa hivyo aliyeandika aliandika akikumbuka. Si kwamba amedanganya, ni kwamba ushahidi wake ni wa miaka ishirini baadaye, upime hivyo. Muhuri wa studio ni mzuri lakini unasema filamu ilisafishwa wapi tu. Vijana walikuwa wanabeba filamu mfukoni mpaka likizo.

Tuseme albamu ina picha tatu. Ya kwanza: kijana, kitambaa cheupe, rafadha mkononi, mipira ya masikio, Tiger Moth yenye pete pana. Ya pili: kundi la watu 30 wamepangwa mistari, mbele wamekaa maofisa na kofia za ukingo, nyuma vijana wa kitambaa cheupe, na nyuma yao kabisa ndege ya injini mbili yenye bawa la chini. Ya tatu: watu watatu peke yao, hakuna kitambaa, yule wa katikati ana mabawa mawili, wenzake wana bawa moja moja, miti ya mgunga nyuma. Hata bila jina lolote unaweza kusema: ya kwanza EFTS, ya pili SFTS ya injini mbili, na ya tatu OTU, juu Blenheim ilibeba watu watatu na ni OTU ndiko watu walipangwa kuwa timu. Kama Rhodesia ndio stori ya mjomba, SFTS za Oxford ndizo za kuanza kutafuta, na kama migunga ya tatu ni ya Bonde la Ufa basi Nakuru inaingia. Hakuna picha hata moja kati ya hizo tatu ingekupa hayo peke yake. Kwa hivyo tafadhali usitoe picha moja kwa albamu ukaituma kwa mtu akutambulie, na kama unazitoa zipige picha kwanza zikiwa kwa ukurasa, mpangilio wa mzee mwenyewe ni ushahidi.

Lazima nigusie na hili, hata kama halipendezi. Kwa nyumba nyingi za Kiafrika hapa kuna picha ya mzee kando ya ndege na familia imekua ikijua alikuwa rubani. Karibu Wakenya laki moja walichukuliwa kwa vita hiyo, KAR (jeshi la askari Waafrika chini ya Waingereza), magari, ujenzi, hospitali, na Isili, yaani Eastleigh ya Nairobi, pale RAF walifungua kituo Desemba 1940, kulikuwa na askari wa ulinzi, madereva, mafundi wasaidizi na wapishi wengi tu. Kusimama kando ya ndege ilikuwa kitu cha kupigwa picha. Kofia ya KAR, sare bila alama yoyote ya kuruka, mikono yenye grisi, hayo yanasema kazi nyingine, na kazi hiyo nayo ina rekodi zake. Lakini pia usikubali mtu akuambie ati Mwafrika hangeweza. RAF waliondoa kizuizi cha rangi kwa muda wa vita mwaka 1939, na Peter Thomas kutoka Nigeria akapata uofisa wa urubani 1942, Johnny Smythe wa Sierra Leone akawa mwongoza njia kwa ndege za mabomu. Kwa hivyo jibu liko kwa kifua cha mzee kwa picha, si kwa maoni ya mtu.

Ukishafika hapo ndio sasa uende kwa makaratasi, ukiwa na kitu cha kuuliza. Cha kwanza kabisa tafuteni nyumbani daftari la kuruka, jalada gumu, Form 414, limeandikwa kila safari: tarehe, ndege, namba, rubani, dakika. Hilo ukilipata picha zinajipanga zenyewe, namba ya ubavuni unaitafuta kwa safu na unapata siku. Kama hakuna, na mzee alikuwa ofisa, London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, ina tangazo la uofisa wake na linasomwa bure mtandaoni, ndio maana nilisema utepe mwembamba ni bahati. Shajara za shule na za OTU ziko National Archives ya Uingereza, Kew, chini ya AIR 29, na za vituo ziko AIR 28; hazitaji kila mwanafunzi lakini zinataja kozi zilizoanza, zilizomaliza, na ajali. Ajali zilikuwa nyingi. Kama wenzake kwa picha ya kundi wana majina, yaweke kwa tovuti ya tume ya makaburi ya vita, CWGC, kuna vijana waliokufa mafunzoni wamezikwa Nakuru na kwingine Kenya, na tarehe ya kaburi la mwenzake inakuambia picha haiwezi kuwa ya baada ya siku hiyo. Hapa mjini Kenya National Archives iko Moi Avenue, na Kenya Gazette za miaka hiyo zinatoa majina ya kiraia na ya vikosi vya hapa.

Faili lake mwenyewe la RAF ni ombi la kuandika. Faili za wanajeshi zimekuwa zikihamishwa kutoka wizara ya ulinzi ya Uingereza kwenda Kew kwa awamu, kwa hivyo angalia kwanza liko upande gani. Weka jina lote kama lilivyoandikwa enzi hizo, tarehe ya kuzaliwa, namba ya huduma kama iko kwa nishani ama barua yoyote, na cheti cha kifo. Na kabla ya kutuma skani picha pande zote mbili, piksel 1200 kwa inchi kama ni zile ndogo za sentimita 6 kwa 9, na ukitaka kuandika kitu nyuma tumia penseli laini, weka jina lako na mwaka wa leo kando ya ulichoandika, ili mjukuu asidhani ni mzee ndiye aliandika.